Siku Mzee Ligunda Alipofaulu Mtihani wa Akili

Jamani, hii nikiwaambia mtasema natunga. Semeni tu. Kuna mtu alipotewa na akili asubuhi, na kabla ya adhana ya mchana serikali ikampa cheti kwamba anazo, tena nyingi kuliko majirani zake wote. Tulieni hapo hapo mlipo, msipitishe kidole mkaenda kuangalia video za watu wanaokaanga mihogo. Nasimulia taratibu.

Nchi yenyewe siitaji jina. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wengi kuliko zahanati, basi mtaijua au hamtaijua, shauri yenu. Ni nchi tulivu sana. Utulivu wake ni ule wa mtu aliyesimama foleni tangu alfajiri, hana hata hamu ya kugombana.

Sasa nchi hiyo ina sheria nzuri. Inasema mwananchi, akiwa bado na akili zake, anaruhusiwa kuandika hati ya uwakilishi, yaani karatasi ya kusema: nikizeeka, nikiugua, nikisahau, fulani asimame badala yangu, aangalie nyumba yangu, asaini kwa niaba yangu. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya uko kwenye kifungu cha mwisho, kilichoandikwa kwa herufi za ukubwa wa chawa: "Mwananchi atakayepungukiwa akili kabla ya kuteua mwakilishi, mwakilishi wake atakuwa mwakilishi wake."

Watu walikisoma wakacheka, wakadhani mpiga chapa alikuwa amelewa. Kumbe mpiga chapa alikuwa mzima kabisa. Mwakilishi wa wananchi ni nani? Si mbunge? Basi. Ukisahau jina lako kabla hujateua mtu, nyumba yako, shamba lako na kidole chako cha gumba vinahamia kwa Mheshimiwa Daktari Mhandisi Makorongo, mbunge wa jimbo, mtu mwenye huruma ambaye tangu achaguliwe hajaonekana kwa sababu ya kuzidiwa na kuwakilisha.

Muulizeni Mzee Bwigane. Alianza kusahau, akawa kila asubuhi anaaga anakwenda kazini kwenye kiwanda kilichokufa zamani. Wakaja vijana wa ofisi ya mbunge wamevaa fulana zenye sura ya Mheshimiwa. Mmoja akamshika kidole kwa upole kabisa, kama anamvusha barabara, akakichovya kwenye wino, akakigandamiza kwenye karatasi. Imekwisha hiyo. Tangu siku ile Mheshimiwa anamwakilisha Mzee Bwigane sebuleni, anamwakilisha chumbani, na barazani ameweka baa. Bwigane mwenyewe analala stoo, juu ya makreti ya bia. Ukiuliza unajibiwa, "Mzee anaishi vizuri sana, kupitia mwakilishi wake."

Nyumba ya tatu kutoka hapo ndiyo ya Mzee Ligunda, fundi redio.

*

Mzee Ligunda alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, sasa mtu mzima, msusi wa nywele. Anaitwa Sikujua. Mama yake alimpa jina hilo kwa sababu alidhani ni malaria mpaka mimba ikafika mwezi wa saba. Chumba cha mbele ni cha baba na redio zake, baraza ni la Sikujua na wateja wake. Wakitolewa humo hawana pa kwenda, si yeye, si redio.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Miwani ikakutwa kwenye sufuria ya maharage. Mteja mmoja akarudishiwa redio yake ikiwa na mswaki ndani, na ajabu ni kwamba ilikuwa inaimba. Sikujua akawa anacheka, maana angefanyaje. Halafu mchana mmoja mzee akaweka chuma cha kulehemu chini, akamwita.

"Siku."

"Abee, baba."

"Kichwa changu kinakata mawimbi."

"Njaa hiyo baba, hujala."

"Nimekula." Akafikiri. "Au sijala? Unaona sasa."

Sikujua akakaa kwenye kigoda. Kitana bado kilikuwa kimechomekwa kichwani kwake.

"Mimi redio nazijua," mzee akasema. "Stesheni ikianza kukwaruza hivi haipotei siku hiyo hiyo. Inakuja, inakwenda, inakuja. Halafu kuna siku inakwenda jumla. Twende tukaandike hiyo hati wakati bado inashika."

"Tutakwenda."

"Na kingine." Akanyanyua kidole gumba, kimeungua ungua na risasi ya kulehemu. "Hiki nitakiweka mwenyewe, nikijua nakiweka wapi na namwekea nani. Ikifika siku ukaona sikujui, usikishike."

"Baba, kwani mimi ni vijana wa Makorongo?"

"Waliomshika Bwigane nao wana baba zao. Niahidi."

Akaahidi. Ni rahisi kumwahidi mtu anayekujua.

*

Hati hizo zinatolewa kwenye Idara ya Mizani na Akili. Zamani zilikuwa ofisi mbili, moja inapima magunia, nyingine inapima watu. Serikali ikabana matumizi, ikaziunganisha. Kwa hiyo foleni ni moja: umesimama wewe, mbele yako kuna gunia la mkaa, nyuma yako kuna bi harusi aliyekuja kuthibitisha kwamba anaolewa kwa akili zake. Gunia likaingia kwanza, lilikuwa na miadi. Bi harusi alipoona jua linasogea akaanza kuulizana na shangazi yake kama kweli anaolewa kwa akili zake.

Miguu ikawaka moto. Sikujua akamvua baba yake viatu, akaviweka chini kushika nafasi, wao wakakaa kivulini. Viatu vilisogea vizuri tu. Hata mlinzi alivisalimia.

Wakafika dirishani.

"Jina la mwakilishi?" akauliza dada wa mapokezi.

"Sikujua."

"Hukujua nini?"

"Hapana, dada yangu, ndilo jina."

"Mama, kama hujui jina lako utamwakilishaje mwenzio?"

"Jina langu ni Sikujua. Sikujua Ligunda."

"Hukujua Ligunda, na umekuja naye?"

Ikabidi cheti cha kuzaliwa kitolewe, kigeuzwe, kimulikwe kwenye mwanga. Dada akaandika huku ameinua nyusi, halafu akamwelekeza mzee kwenye mizani ile ile iliyotoka kubeba mkaa.

"Kilo hamsini na tatu," akasoma. "Kwa umri wake akili lazima iwe nyepesi. Ingieni."

Ndani alikaa Afisa Utimamu Mwandamizi, Bwana Kapalata, mtu mnene mwenye suti ya kijivu na kalamu tano mfukoni, zote zikiwa na vifuniko. Pembeni yake, kwenye meza ndogo, alikaa Madamu Felista, katibu wa Mheshimiwa Makorongo. Huyu kazi yake ilikuwa kusubiri. Mtu akishindwa kabisa, yeye anatoa mhuri kwenye pochi, anaugonga, anamchukua. Wakati anasubiri alikuwa anafuma vitambaa vya makochi, vya bluu.

"Wananchi," Kapalata akaanza, ingawa walikuwa wawili tu, "akili ni rasilimali ya taifa, kama madini na mbuga za wanyama. Haiwezi kuachwa tu kwenye vichwa vya watu binafsi bila usimamizi. Ndiyo maana serikali yenu sikivu imetunga Mwongozo wa Utimamu. Mzee wangu, uko tayari?"

"Niko tayari, mwanangu."

"Swali la kwanza. Bomba la mtaani kwenu linatoa nini?"

"Upepo," akasema Mzee Ligunda. "Zamani lilikuwa linatoa hata kutu. Siku hizi upepo mtupu."

Kapalata akaandika huku anatamka: "Haoni... maji. Swali la pili. Umeme ukoje?"

"Huo ndio kazi yangu. Unakuja ukiwa na hasira, unaunguza redio za watu, unaondoka."

"Anaogopa... umeme. Swali la tatu. Ile lami ya kwenda hospitali, aliyoizindua Mheshimiwa, wewe unaionaje?"

"Alizindua utepe, bwana. Nilikuwepo. Tena mimi ndiye nilitengeneza kipaza sauti. Utepe ukakatwa, tukapiga makofi, tukarudi nyumbani na matope mpaka magotini."

Kalamu ikawekwa mezani. Kapalata akavua miwani kwa majonzi.

"Mzee wangu, nasikitika. Maji huyaoni, umeme huuelewi, lami imekupita chini ya miguu hukuihisi. Mtu wa namna hii nimkabidhi wino?"

"Bosi," Sikujua akaingilia, "baba kasema kilichopo."

"Mama, kilichopo hatukipimi hapa. Hapa tunapima utimamu." Akagonga karatasi. "Utimamu umesitishwa. Anaruhusiwa kurudia mara moja. Akishindwa tena, jina linahamia meza ile."

Madamu Felista akainua macho kutoka kwenye uzi, akatabasamu vizuri, kama shemeji.

"Mama mwenzangu," akasema, "sebule yenu ina makochi mangapi?"

*

Kurudia si kurudia tu, lazima upangiwe. Sikujua akawa anakwenda Idara, anarudi. Mara Bwana Kapalata yuko semina. Semina ya nini? Ya kupunguza semina. Mara mizani imepelekwa kupimwa, na ofisi ya kupima mizani ni hiyo hiyo, kwa hiyo inasubiri foleni. Mara ni Wiki ya Kuhudumia Wananchi, ofisi zimefungwa kwa maandamano ya kuiadhimisha. Sikujua alifika mahali akawa hakasiriki tena. Anafika, anauliza, anajibiwa, anasema ahsante, anageuka. Wateja wake wakawa wanasukwa nusu kichwa, nusu nyingine wanaambiwa njooni kesho.

Na nyumbani akawa anamfundisha baba yake.

"Baba, ukiulizwa maji, sema yapo."

"Yapo wapi?"

"Bombani."

"Bomba lipi?"

"Lolote, baba! Sema yapo, yanatiririka."

Mzee akamtazama kama anatazama redio iliyoletwa na mtu mwingine akaifungua vibaya. "Yaani unanifundisha wazimu ili nionekane mzima?"

"Unataka nyumba iende kwa Makorongo?"

"Sitaki."

"Basi maji yapo?"

Mzee anahangaika kweli, midomo inakwenda. "Mwanangu, nashindwa. Nikifungua mdomo inatoka ile ya kweli. Nimezoea."

Siku moja wakaja vijana wenye fulana, wana futi kamba. Wakapima baraza, wakapima mlango, wakajadili friji itakaa wapi. Sikujua akatoka na ufagio.

"Nyie wanangu mnatafuta nini?"

"Shikamoo mama. Kamati ya Maandalizi ya Uwakilishi. Usijali, tunapima tu."

"Baba yangu ana akili zake!"

"Na sisi tunamwombea ziendelee, mama," akajibu mmoja kwa heshima, akachora W kubwa ya chaki ukutani, alama ya nyumba inayosubiri kuwakilishwa. Sikujua akaifuta. Asubuhi akakuta wameirudisha kwa rangi ya mafuta.

Mzee akawa anakuja, anakwenda. Asubuhi anamwita Siku, jioni anamwita kwa jina la marehemu mkewe. Kuna siku kamili akakaa anazungusha kitufe cha redio isiyo na betri, anasikiliza, anatikisa kichwa, anazungusha tena. Sikujua akawa anasuka huku sikio liko ndani, anahesabu kwa moyo: bado yupo, bado yupo.

*

Ikaja taarifa kwamba siku imepangwa. Asubuhi hiyo Sikujua akampelekea baba yake chai. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mgeni.

"Ahsante, binti. Wewe mtoto wa nani hapa mtaani?"

Sikujua akasubiri. Alizoea kusubiri. Akapiga pasi kanzu ya baba, akamvalisha, akamfunga vifungo, akasubiri. Njiani akamwambia majina ya mitaa. Kwenye foleni akamtajia kila redio aliyowahi kumwona anaitengeneza, hata ile yenye mswaki. Mzee akasikiliza kwa furaha.

"Huyo fundi alikuwa hodari," akasema. "Yuko wapi siku hizi?"

Wakaitwa. Mizani ikasema amepungua. Wakaingia. Madamu Felista alikuwa pale pale, kitambaa cha bluu kimebakiza ncha moja tu.

"Mzee wangu," Kapalata akasema, "umetulia sasa? Bomba la kwenu linatoa nini?"

Sikujua akafumba macho.

"Maji!" akasema Mzee Ligunda, uso umenawiri kama wa mtoto wa sikukuu. "Maji mengi, baridi, matamu. Tunayafukuza. Juzi nimeogelea mimi."

Kalamu ikasimama hewani. "Na umeme?"

"Unawaka usiku na mchana mpaka tunauomba upumzike. Kuku wanashindwa kulala."

"Lami?"

"Nyeusi tiii! Ukiinama unajiona. Mimi ndevu nanyolea pale."

Kapalata alisimama. Wallahi alisimama, kiti kikaanguka nyuma. Akaita watumishi wa vyumba vingine waje wasikie, wakajaa mlangoni, hadi mpima mkaa na mikono yake myeusi.

"Rudia, mzee wangu. Sukari?"

"Wanagawa. Tumechoka kuipokea."

"Mheshimiwa Makorongo unamwonaje?"

"Jana tu tulikuwa naye. Alikuja kunisaidia kufua."

Makofi yakapigwa. Kapalata akatoa leso, akajifuta macho. "Ndugu watumishi, tangu niajiriwe hapa sijapata kukutana na akili iliyotimia namna hii. Daraja la kwanza! Mzee huyu, kama si umri, ningependekeza jina lake kwenye tume." Akagonga mhuri wa kijani: TIMAMU.

Wakati makofi yanaisha Mzee Ligunda akamgeukia afisa, akamnong'oneza, ila chumba kizima kikasikia. "Huyu binti mpole uliyekaa naye, ni wa kwako?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Na utani anao!" akasema Kapalata. "Utimamu mpaka na ziada. Haya mama, malizia, wengine wanasubiri."

Akasukuma hati mezani. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, kamba fupi, mpaka uiname. Sikujua akainama akasoma: *Mimi* ........ *nathibitisha kwamba mtoaji ananitambua, na kwamba anajua anachokifanya.* Chini yake nafasi ya saini yake, na pembeni kisanduku cheupe cha kidole cha mzee.

Akaandika jina lake, ndilo pekee alilokuwa nalo. Akarudi nyuma kidogo, akaisoma ilivyotoka.

*Mimi Sikujua nathibitisha.*

"Saini sasa," akasema Kapalata, "halafu msaidie mzee kidole."

Kibweta cha wino kikafunguliwa. Madamu Felista akakata uzi kwa meno, akakunjua kitambaa chake magotini, akakinyoosha. Hakuwa na haraka. Mhuri wake alikuwa ameshautoa kwenye pochi, umekaa mezani, kwa sababu hati isipowekwa kidole siku hiyo hiyo, cheti kinakufa, na jina linahamia meza ile. Ndivyo kifungu kinavyosema, kwa herufi zile zile za chawa.

Sikujua akaushika mkono wa baba yake. Ulikuwa mwepesi. Kidole gumba kina makovu yale yale ya risasi, anayajua yote, lile kubwa aliungua siku anamtengenezea yeye redio ya kwenda nayo bwenini. Mzee hakuuvuta mkono. Alimtazama vizuri tu, kama mtu anavyomtazama nesi. Halafu vidole vyake vikashika kidole gumba cha Sikujua, vikaanza kukizungusha polepole, huku, halafu huku, kichwa kimeinama upande, anasikiliza.

"Baba," akasema. "Ni mimi, baba. Siku."

Mzee akazungusha tena, kidogo sana, kama mtu aliyekaribia.

"Mama, foleni!" akasema Kapalata.

Nyuma yake mpima mkaa akasema, "Bonyeza tu, dada, nani atajua." Mbele yake, kwenye karatasi, jina lake lilikuwa limeshajibu.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, baba yako alikuomba usikishike kidole chake siku asipokujua, na usipokishika wewe atakishika Felista. Wino uko wazi, unakauka. Ungefanyaje?